Miguu ya Mzee Wandera na Karatasi ya Kaki

Ninyi walimu wawili mliorithi chumba changu mmeniomba orodha. Mnataka kujua ni karatasi gani ya kununua, mkaa gani, penseli za namba gani, na mtu wa kuchorwa anapatikana wapi. Orodha yenyewe ingejaa nusu ukurasa. Lakini mimi nimestaafu majuzi, niko nyumbani Funyula, kuku wamenizoea na sina wa kumsahihisha, kwa hiyo mtanivumilia nikieleza kwa urefu. Nimefundisha kuchora watu katika chuo chetu cha ufundi hapa Busia tangu nikiwa msichana mwembamba, na leo kichwa chote ni mvi. Jambo moja tu nataka mlishike kwa nguvu, nalo linahusu miguu ya Mzee Wandera. Tutafika.

Siku yangu ya kwanza nilipokewa na Mwalimu Etyang, mtu wa Angurai, mrefu, mkimya, ambaye akifungua mdomo ujue kuna mtu atachomeka. Hakutaka kuona vyeti vyangu. Alinipa karatasi moja, kipande cha mkaa, akaniambia nitoke nje nimchore mlinzi aliyekuwa amesimama langoni. Nikaanza na kichwa, kama kila mtu anavyoanza. Kikatoka kichwa kizuri kweli, na masikio yake, na kofia yake. Nilipofika kiunoni nikaona mambo yanaharibika. Magoti yalitua kwenye ukingo wa karatasi, na viatu, kama vilikuwepo, vilikuwa nje ya karatasi.

Etyang aliutazama mchoro, akamtazama mlinzi.

"Huyu mlinzi wetu anatembea na nini?"

"Miguu haikutosha, Mwalimu."

"Miguu imetosha. Si iko pale? Wewe ndiye hukuipangia nafasi."

Akachukua mkaa akanionyesha. Kabla ya chochote, weka alama ndogo juu ya karatasi, hapo ndipo utosi. Weka nyingine chini, hapo ndipo visigino. Halafu ndiyo uanze kugombana na vilivyo katikati. Nilitikisa kichwa kwa heshima zote, nikasema nimeelewa. Sikuwa nimeelewa.

Mkaa tulichoma wenyewe, nanyi mchome, msidanganywe na ule wa dukani unaofika ukiwa nusu umevunjika. Kata vijiti vya mti wa lusina vilivyonyooka, unene wa penseli, vibandue ganda, vikauke wiki moja. Vipange wima kwenye kopo la bati mpaka vibanane, funika, ziba kwa udongo, toboa kitundu kimoja kwa msumari. Weka kwenye jiko lenye moto. Moshi utatoka kwenye kile kitundu, mwanzo mweupe, kisha mwembamba, kisha hakuna. Ukiona hakuna, ondoa kopo na uliache lipoe lenyewe mpaka kesho. Etyang alikuwa na hamu ya ajabu juu ya jambo hili. Kila mwaka alijaribu mti mpya, mpera, mkunazi, hata vijiti vya ufagio wa ofisi, akituita tuje tuone weusi wake. Ule wa mpera ulikwaruza. Wa ufagio ulitutia matatani na ofisi.

Shida kubwa haikuwa mkaa bali watu. Mnajua kwetu picha kubwa ya mtu inaonekana lini. Inaonekana matanga, imeegemezwa kwenye jeneza, ina maua pembeni. Sasa wewe nenda sokoni Matayos na ubao mkubwa, umwambie mama anayeuza omena kwamba unataka kumchora. Nilienda. Mama aliniuliza kwa utulivu kabisa, "Dada, umesikia nani amesema mimi ni mgonjwa?" Wenzake wakaacha kupima, wakanigeukia. Niliondoka hapo haraka, na omena nilizonunua kwa aibu.

Ndipo nikagundua Malaba. Dereva wa lori aliye kwenye foleni ya mpakani ndiye mtu bora wa kuchorwa niliyewahi kumpata. Hana pa kwenda, amechoka kukaa bure, na si wa hapa, kwa hiyo habari za matanga yetu hazimhusu. Nilikuwa napeleka darasa zima. Madereva waliketi kwenye kivuli cha lori, mkono juu ya goti, wakituachia nusu saa nzima, kisha wakataka kuona. "Tumbo langu liko hivyo kweli?" waliuliza karibu wote. Siku moja foleni ikasonga ghafla. Dereva wetu akaruka ndani ya lori, nao wanafunzi kumi na wawili wakamfuata mbio na mbao zao. Akisimama wanaketi, akisonga wanakimbia. Askari akaniuliza, "Madam, hii ni maandamano ya nini?"

Karatasi sasa. Msinunue kwa macho. Pitisha ncha ya kidole juu yake kwanza. Ikiteleza kama sahani, mkaa hautashika, hiyo ni ya penseli ngumu na wino, na manila yetu ya dukani ni ya namna hiyo. Ukihisi inakukwaruza kidogo, hiyo ina meno, na meno ndiyo yanayoshika unga wa mkaa. Karatasi ya fotokopi ni ya mazoezi ya dakika mbili, chora, tupa. Ile ya magazeti ambayo haijachapwa ina meno mazuri lakini ikikaa dirishani mwezi mmoja inageuka rangi ya chai. Mimi niliishi na kufa na karatasi ya kaki, ile nzito ya kufungia mizigo. Ni rahisi, ina meno, na rangi yake inakufanyia nusu ya kazi. Kivuli unaweka kwa mkaa, mwanga unaweka kwa chaki, na ngozi ya mtu tayari iko hapo imekungoja.

Kaki nzuri ilipatikana ng'ambo, Busia ya Uganda, ikiwa imeviringishwa kwa roli, na aliyenivushia alikuwa Mzee Wandera. Wakati huo hakuwa mzee, tulimwita hivyo kwa sababu ya sauti yake nzito. Polio ilimshika kabla hajajua kutembea, miguu ikabaki myembamba, haikumbeba hata siku moja. Alikuwa na ile baiskeli ya magurudumu matatu inayozungushwa kwa mikono, nyuma ina kitanda cha mizigo, kama wenzake wengi wanaofanya kazi pale mpakani. Sabuni, mafuta, magodoro, alibeba. Mabega yake yalikuwa kitu cha kuchorwa. Mwanafunzi akitaka kujua msuli wa mkono unaanzia wapi, nilimwambia asimame mpakani saa mbili asubuhi amtazame Wandera akipanda kale kamlima.

Asubuhi moja alileta roli langu, nikamsaidia kuliegemeza mlangoni, kisha nikamwomba akae tumchore. Akacheka sana. "Kukaa ndiyo kazi yangu, Mwalimu." Alikaa saa nzima bila kutikisika, mbele ya darasa, na mimi nikachora pamoja na wanafunzi kuwaonyesha inavyofanywa. Uso wake ulinikalia vizuri. Mabega yalinikalia vizuri zaidi. Nilipomaliza darasa lilipiga makofi, nami nikageuza ubao ili aone.

Alitazama kwa muda mrefu. Alikuwa na tabia ya kuinamisha kichwa upande mmoja akitaka kujua kitu.

"Ni mimi," akasema. "Hii ni mimi kabisa. Sasa miguu umeiacha wapi?"

Mchoro ulikuwa umeishia mapajani.

"Karatasi imeisha, mzee," nikasema.

Aligeuza tu macho akatazama roli zima lililoegemea mlango, lile alilonivushia asubuhi hiyo hiyo. Kisha akanitazama mimi, akatabasamu kwa adabu, akaomba asukumwe hadi barabarani.

Niliona aibu. Niwaambie ukweli ambao sikumwambia Etyang mpaka anastaafu. Karatasi haikuisha. Ningeweza kubandika nyingine chini kwa selotepu, jambo tunalofanya kila siku. Nilianza na kichwa kikubwa makusudi, bila kujiambia, kwa sababu niliogopa kuikodolea macho ile miguu mbele ya darasa. Nilifikiri namhifadhia heshima. Kumbe nilikuwa nimemkata.

Tangu siku hiyo nilifundisha kila darasa kuanza na nyayo. Wakaguzi walishangaa. Wanafunzi walilalamika, kwani nyayo ni ngumu na hakuna anayekusifu kwa nyayo. Wandera aliendelea kuniletea roli, tukawa marafiki, nikamjua mke wake Mama Ajiambo na watoto, lakini suala la picha hakuligusa tena. Mara mbili tatu nilitaka kumwomba akae upya. Kila mara nilijiambia nangoja karatasi inayomfaa.

Na karatasi hiyo nilikuwa nayo. Etyang alipostaafu aliniachia ukurasa mmoja mkubwa, mzito, wa pamba tupu, ambao mgeni fulani alimzawadia zamani. "Hii uchorie kitu unachokiheshimu," aliniambia. Niliufunga kwa plastiki nikaulaza chini ya godoro la kitanda cha wageni. Miaka ikapita. Kila nilipofikiria kuutoa, niliona bado sijafikia kiwango chake.

Muhula wangu wa mwisho, siku ya Alhamisi, baiskeli ya Wandera ikaingia langoni. Haikuwa na mzigo. Alikuwa anasukumwa na Mama Ajiambo, na mguu wa kushoto ulikuwa umefungwa bandeji kutoka kifundo hadi katikati ya wayo.

"Mwalimu, sukari imenishika," akasema. "Kidonda kimekataa. Daktari anasema huu mguu wanakata Jumatatu."

Nikasema pole, nikasema tena pole, nikaketi chini.

"Sikukuja kuchukua pole. Nimekuja unichore. Miguu yote miwili. Watu wanaona hii mguu haina kazi. Ni kweli, haijawahi kufanya kazi hata siku moja, lakini nimeibeba miaka yote hii, ni yangu. Nataka ikiondoka ibaki mahali."

Mama Ajiambo alimwacha mumewe pale. Alinivuta hadi nyuma ya stoo.

"Mwalimu, usichore. Nakuomba. Mtu anaenda kupasuliwa, wewe unamtolea picha kubwa? Si ndiyo ile ya kuegemeza kwa sanduku? Jumatatu ikienda vibaya, nitakaa nayo wapi hiyo picha? Nitakuangalia aje?"

Nilimwogopa, na niliogopa pia kwamba angeweza kuwa na haki. Nikamwambia nitakuja nyumbani kwao Jumamosi asubuhi na vifaa vyangu, na kama yeye atanizuia mlangoni, nitarudi bila neno. Akaguna, akarudi alipomwacha mumewe.

Jumamosi nilifika. Hakunizuia. Hakunikaribisha pia, alikuwa anaanika nguo, akaendelea kuanika. Wandera alikuwa ameketi uani kwenye kiti cha mbao, shati jeupe, ndevu zimenyolewa, suruali imekunjwa mpaka juu ya magoti. Nikatoa ukurasa wa Etyang kutoka kwenye plastiki kama mtu anayetoa kitenge cha harusi.

Jamani. Ulikuwa na madoa ya kahawia kila mahali, na wadudu walikuwa wamekula kona moja ikawa kama lesi. Nikajipa moyo, nikasema madoa si kitu, nikagusa kwa mkaa. Sehemu moja ikafyonza, nyingine ikakataa kabisa. Gundi ile inayotiwa ndani ya karatasi kuishikilia ilikuwa imekufa kwa unyevu, na mimi nilikuwa nimeilalisha miaka yote hiyo nikiiheshimu. Nikajilaumu kwa sauti. Shikeni hapo: karatasi nzuri itumieni ikiwa nzuri.

"Kwani hakuna kaki?" Wandera akauliza.

Kulikuwa na kipande kirefu kwenye begi langu, nilichokuwa nimefungia mbao. Nikakikunjua.

"Hiyo naijua," akasema kwa furaha. "Hiyo nimeivusha mwenyewe. Weka hiyo."

Nikaibana kwenye ubao. Nikaweka alama ya utosi, nikaweka alama ya visigino, halafu nikapiga magoti kwenye udongo mbele yake na kuanza na nyayo. Hapo hofu ikanitoka, maana mtu akiwa anatazama kwa kweli hana nafasi ya kuogopa. Ilikuwa miguu ambayo sikuwahi kuiona popote. Mfupa wa mundi umechongoka, ngozi imetulia juu yake bila msuli, na goti linaonekana kubwa kwa sababu vingine vyote ni vidogo. Nikauinua kidogo mguu wa kulia nione chini. Ule wayo ulikuwa laini kama wa mtoto mchanga. Haukuwahi kukanyaga.

"Uko aje huko chini?" akauliza. "Mimi sijawahi kuona vizuri."

"Hujawahi?"

"Nitauona na nini? Haujipindi kuja huku."

Nikamchorea pembeni, ule wayo peke yake, nikamwonyesha. Aliinamisha kichwa upande. "Ai! Kumbe niko na mistari kama ya mkono?" Alicheka mpaka machozi, nami nikacheka naye, tukasahau kabisa Jumatatu.

Nilipofika mguu wa kushoto nilisikia mtu amesimama nyuma yangu. Mama Ajiambo alikuwa na shati lililoloa mkononi, maji yanamdondokea miguuni.

"Hicho kidole umekosea," akasema.

"Kipi?"

"Cha pili. Umekinyoosha. Kinalalia kile kikubwa. Na hiki kidogo kucha yake imegawanyika mara mbili. Nimeviosha mimi, Mwalimu. Kila siku. Unafikiri nisivijue?"

Nikafuta kwa kipande cha mkate, ndicho kifutio chetu cha mkaa, nikachora upya. Akasogea. "Bado. Kimelala zaidi." Nikafuta tena. Akachutama kando yangu, akafungua ncha ya bandeji kwa mikono iliyozoea, ili nione kifundo. Akanionyesha kovu la moto la utotoni ambalo hata Wandera alikuwa amelisahau. Wakabishana kuhusu kovu hilo, yeye akisema ni maji moto, mkewe akisema ni uji, aliambiwa na mama mkwe. Tulifanya kazi hivyo, watatu, mpaka jua likawa juu ya vichwa. Uso wa Wandera niliuchora mwisho, kwa dakika kumi, na karatasi ikatosha.

Nilisahau kuupulizia dawa. Mnajua nasema nini: maziwa yaliyotolewa mafuta, nusu kwa nusu na maji, kwenye chupa ya kupulizia nywele, ili mkaa usitoke. Inanuka siku mbili lakini inashika. Mama Ajiambo alikuwa ameshauchukua mchoro, ameuviringisha polepole mkaa ukiwa ndani, akaupeleka chumbani kwake. "Utakaa kwangu mpaka arudi," akasema. "Hakuna mtu atauona."

Jumatatu ilikwenda salama. Sikuwaza kitu kingine siku hiyo, nilisahihisha madaftari na kuweka alama juu ya alama. Baada ya wiki kadhaa wakaniita nije niutundike. Nikafika na nyundo, nikapima ukuta kwa mazoea, usawa wa macho yangu nikiwa nimesimama.

"Unamtundikia nani huko?" Wandera akauliza kutoka kitini.

Nikashusha msumari mpaka mahali alipoonyesha. Mimi nililazimika kuchutama kuuona. Akajisogeza karibu na ukuta, shuka juu ya mapaja, upande wa kushoto shuka likiwa limelala bapa. Akanyoosha mkono, na kabla sijasema usiguse, maneno niliyoyasema kila siku ya maisha yangu ya kazi, akaweka kidole juu ya kile kidole cha pili na kukiacha hapo.

Alipokiondoa, mkaa ulikuwa umemshika, na mguu wa kushoto ulikuwa na doa.

"Nimeharibu?"

"Inarekebishika," nikasema, nikaanza kutafuta mkaa.

Mama Ajiambo akanishika mkono. "Iache."

Nikafungua begi, nikatoa ile chupa ya maziwa, nikapuliza kutoka juu hadi chini, na mahali pa alama ya kidole cha Wandera nikapuliza mara mbili.